Mkunga na Akina Zefirini Wake

Mkunga wetu alikuwa na mikono midogo kuliko mwili wake. Mwili ulikuwa mpana, wa mtu anayeweza kubeba gunia la viazi mlimani huku akisimulia habari za jana, lakini mikono ilikuwa ya msichana wa shule. Wanawake waliokuja kujifungua kwa mara ya kwanza waliitazama mikono ile wakatulia. Yeye mwenyewe alisema Mungu alimuumba Jumamosi jioni: mwili ulikuwa tayari, mikono ya saizi yake ikawa imekwisha, akapachikwa iliyobaki.

Kituo chetu cha uzazi, ambacho kila mtu alikiita materinite, kilikuwa nyumba ya matofali yenye vitanda vichache, juu ya kilima kimoja cha Butembo. Ukisimama mlangoni uliziona ndege ndogo zikishuka kwenye uwanja wa Rughenda. Nilifanya kazi naye miaka yote ya vita, mimi nikiwa muuguzi kijana na yeye akiwa tayari na wajukuu. Jina lake silitaji kwa sababu hata mjini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mama Mukunga kwa wakubwa na wadogo, na nilimsikia hata mume wake akimwita hivyo, tena kwa heshima ya mtu anayeomba chumvi.

Risasi zilipolia upande wa barabara ya Beni, alifunga madirisha kama mtu anayefunga kwa sababu ya vumbi, akaendelea na kazi. Pikipiki, kwa upande mwingine, zilimtisha kabisa. Alipolazimika kupanda moja, alifumba macho na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti isiyopatana na wimbo wowote, na dereva alishuka akiwa amechoka kuliko abiria. Kwa mwanamke mwenye uchungu hakuwa na neno la kuamuru kimya. “Piga kelele, mwanangu,” alisema. “Hapa hapana kanisa. Ukimaliza utanyamaza mwenyewe, na mutoto ataanza.” Na alikuwa na msemo aliourudia kila askari walipokuja kuhimiza jambo lolote: “Vita iko na haraka, mimba hapana.”

Alikuwa Mprotestanti wa kukaa benchi la mbele, lakini ukutani kwetu alitundika kalenda ya Wakatoliki yenye jina la mtakatifu kwa kila siku. Shemasi wake alipomuuliza sababu, alijibu kwamba Wakatoliki wana majina mengi na ni dhambi kuyaacha yaoze.

Hapo lazima nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji asiyetoka kwetu. Sisi Wanande tunawaita watoto kwa jinsi walivyofuatana tumboni. Mvulana wa pili kwa kawaida ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Ni desturi nzuri: ukilisikia jina unajua mtu ana ndugu wangapi mbele yake, na hata aliyefariki mchanga anahesabiwa, nafasi yake hapewi mwingine. Ila ukisimama sokoni ukaita “Kambale!” nusu ya soko inageuka. Kwa hiyo kinachomtenga mtu na wenzake ni jina la pili, lile la ubatizo, na hilo ndilo Mkunga alilolishughulikia kwa wivu. Majina ya mtindo aliyachukia. Kila baba aliyemletea Jean au Pierre alipokelewa kwa uso wa mtu aliyeletewa maharagwe yenye mawe. “Baba, umevuka mulima yote na mvua, na unaniletea Jean? Angalia kalenda. Huyu mutoto anastahili jina ambayo ataivaa peke yake.”

Basi miaka mingi kabla sijafika pale, alimpokea Kasereka mmoja, akasogeza kidole kwenye kalenda, akamwita Zéphyrin. Hakukuwa na mwingine. Kutoka Lubero hadi Kasindi ungetafuta na usimpate. Mkunga alilipenda jina hilo kuliko yote aliyowahi kutoa, na alilipenda na alama zake zote. Nilipoanza kazi kwake, nikiwabandikia watoto vipande vya sparadra, yaani plasta, mkononi vyenye majina yao, alinieleza kwa mfano wa Zéphyrin jinsi jina linavyoandikwa: pe na ashi, yaani p na h za Kifaransa, igreki, ile y, katikati, na kale kamstari juu ya e. Kamstari kakikosekana alinibandulisha sparadra nikaandika upya. “Jina hapana kiatu, kwamba utavaa ya mutu mwingine,” alisema.

Zefirini, niandike kama tunavyotamka, alikua fundi wa magari, mrefu, mchekeshaji, mwenye mikono iliyojaa grisi hadi viwikoni. Jina lake lilikuwa tamu kulipiga kelele. Wasukuma chukudu, wale vijana wanaoteremsha mizigo kwa baiskeli za mbao, walilipaza kutoka juu ya kilima hadi chini: “Zefiriiiini!” Mji mzima ulimjua, na hilo ndilo lililokaribia kumuua.

Kamanda mmoja wa waasi aliyekuwa na makao karibu na Rughenda alimchukua kwa nguvu atengeneze lori. Zefirini akalifungua, akatandaza vyuma juu ya turubai. Siku ya kuvirudisha akasikia mpango: lori likipona, fundi atapanda nalo kwenda kwenye mapigano. Akaaga kwamba anakwenda kutafuta boloti, akaacha vyuma vyote pale chini, akakimbia. Kamanda alipoambiwa, alicheka, na watu waliokuwepo walisema kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko matusi. “Kama angeitwa Kambale ningemuacha,” alisema. “Sasa jina kama ile itajificha wapi? Mumulete. Nitamufanya mufano.”

Tulijua maana ya kufanywa mfano. Kuanzia siku hiyo, kwenye kila bariera, yaani kizuizi cha barabara ya kutoka mjini, askari waliuliza jina hilo moja.

Mkunga alizipokea habari akiwa anaosha mikono. Aliendelea kuiosha muda mrefu baada ya kuwa safi. “Ni mimi nilimuvalisha taa kichwani,” alisema hatimaye. Sikumsikia tena akilalamika, kwa sababu kesho yake alianza kazi.

Shauri la kwanza lilikuwa la kila mtu: Zefirini abadili jina. Akaitwa Dieudonné, akafundishwa, akapita bariera ya kwanza vizuri. Kwenye ya pili, askari alipoita “Dieudonné!” alisimama akitazama miti, hata jirani alipomkanyaga mguu. Na kabla askari hajakasirika, mama mmoja muuza vitunguu aliyemwona ng'ambo ya barabara akafurahi mno, akainua mikono: “Yee! Zefirini wetu! Uko muzima!” Aliokolewa na kelele za kundi la mbuzi lililokuwa likivuka, na miguu yake. Akafika Masereka, kule juu milimani, akafichwa na wakulima wa viazi, na pale akabaki kama kiazi, chini ya udongo.

Wiki hiyohiyo, mke wa msukuma chukudu mmoja alijifungua mvulana kwetu. Baba alikuja na jina alilomchagulia mtoto, Jean, akijua atagombezwa. Mkunga akamkalisha.

“Baba Jean, kalenda naiacha leo. Ninakuomba Zéphyrin.”

Yule baba akatazama mlango. “Mama Mukunga, ile jina iko natafutwa na basoda!”

“Basoda wanatafuta fundi. Wako iko nanyonya.”

Nilimvuta pembeni. Nilimwambia kwa upole kwamba nimeuelewa mpango wake, anataka majina yawe mengi ili askari wachanganyikiwe, lakini mtoto mchanga hawezi kumficha mwanamume mrefu mwenye grisi. Alinitazama kama alivyowatazama akina mama waliosukuma kabla ya wakati.

“Kwani ni batoto ninatafuta?” aliniuliza. “Ninatafuta baba zao.”

Ndipo nilipoelewa, na ninaomba uelewe pamoja nami. Kwetu, mtu ambaye mtoto wako amepewa jina lake ni ndoyi wa mtoto. Neno lenyewe ni la Kilingala, wametuletea askari na wanamuziki, lakini jambo ni la watu wote. Ndoyi huja kumwona mtoto na kuku na sabuni. Akishapokelewa, amekuwa wa nyumbani. Ukimtukana, umemtukana mwanao. Ukimpiga au ukimtoa kwa adui, unamwitia msiba mtoto aliye mgongoni mwa mkeo. Hata mlevi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, aliyesahau deni na kanisa, hilo halisahau. Kila mtoto aliyeitwa Zefirini alimpa yule fundi baba mmoja aliyefungwa mdomo, pamoja na shangazi, wajomba na majirani.

Baba Jean akawa Baba Zefirini. Kutoka hapo Mkunga hakupumzika. Yeye aliyechukia majina ya mtindo alianzisha mtindo. Aliwashika akina baba mlangoni, akina mama kitandani, bibi zao njiani. Wakatoliki walikubali upesi, maana kalenda ni yao. Waprotestanti wenzake walisumbua. Mama mmoja wa kwaya alimwambia usoni, “Sisi hatuweke watakatifu, tunaweka majina ya manabii.”

“Nani amekuambia habari ya watakatifu?” Mkunga akajibu. “Hii jina maana yake upepo muzuri. Paroko amesema. Upepo iko na dini gani?”

Yule mama akafikiri, akacheka, akakubali, mradi yeye mwenyewe achague herufi. Na hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Nilishika kalamu, nikaanza pe na ashi, Mkunga akanizuia mkono. “Andika vile mama yake anataka.” Tukaandika Zefirin. Tukaandika Zephilin, kwa familia iliyotamka hivyo. Tukaandika Sefirini, na Nzefirini, na baba mmoja mfanyabiashara wa kahawa akataka ze mbili mwanzoni ili wa kwake apite wengine. Kamstari ka juu ya e kalisafiri kila mahali, na mara nyingine kalikosekana kabisa. Nilimuuliza kama haimuumi. “Inaniuma,” alisema. “Lakini mutu hapana kulinda kitu ya kuazima. Kila mutu aandike yake, ndiyo ataipigania.”

Na kweli walipigania. Askari mwenyeji mmoja aliyesimama kwenye bariera ya barabara ya Lubero alipata mtoto, naye akaitwa Zefirini. Tangu siku hiyo alipouliza jina la fundi, aliuliza akitazama mawingu. Wauza vitunguu wa Masereka wakawa wanashusha mjini, pamoja na mizigo yao, kuku aliyefungwa miguu na kipande cha sabuni, “kutoka kwa ndoyi.” Fundi alitengeneza pampu na redio za wakulima kule juu na mshahara wake wote ukaisha kwa kuku. Hakuna nyumba iliyomuuza. Kamanda aliahidi zawadi, akaongeza zawadi, na mji ukawa bubu.

Lakini kijana hawezi kuishi chini ya udongo milele. Akatuma neno kwamba amechoka na atashuka, liwalo na liwe. Mkunga akamrudishia jibu kwa mdomo wa muuza vitunguu: “Mwambie mimba hapana haraka.” Nilidhani ni ule msemo wake. Kumbe alisema kweli tupu: mke wa kamanda alikuwa mjamzito, na Mkunga alikuwa akimpima.

Mke huyo alikuwa msichana kutoka mbali, magharibi, asiyekuwa na mama wala dada katika mji wetu. Alikuja asubuhi moja ya soko, akisindikizwa na askari wanne waliosimama nje wakiogopa kelele. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, matako mbele. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba ile mikono midogo, iliyosalia Jumamosi jioni, ilifanya kazi ambayo mikono yangu isingeiweza, na jua lilipokuwa katikati ya mbingu mtoto alilia, mvulana, mzito, mwenye hasira. Mama yake akashika mkono wa Mkunga na hakuuachia.

Kamanda aliingia kofia mkononi. Kwetu, uzazi ukiwa mgumu, aliyemtoa mtoto ndiye hupewa heshima ya kumpa jina, na mtu fulani alikuwa amemweleza. “Mama, umeniokolea bibi na mutoto,” alisema. “Sema jina.”

Mkunga alikuwa akikausha vidole, kimoja baada ya kingine. “Zéphyrin.”

Askari mmoja mlangoni akakohoa. Kamanda hakusogea. “Mama, ile jina unaijua?”

“Ninaijua. Ni mimi niliitoa mara ya kwanza.”

“Unajua mwenye iko nayo nilimuapia nini?”

“Ulimuapia yeye. Mimi ninaongea ya huyu.” Akamwinua mtoto kidogo, amwone.

Nadhani kamanda angesema hapana. Mdomo ulikuwa umefunguka. Aliyesema alikuwa mke wake, pale kitandani, kwa sauti iliyobaki baada ya kazi ile: “Papa, ni mimi nimezaa. Jina iko Zéphyrin. Huko kwetu pia ni jina ya baba mukubwa.” Kama kweli alikuwa na baba mkubwa wa jina hilo, hadi leo sijui. Kitu ninachokijua ni kwamba alikuwa amelala kwenye materinite ile ile alikokuwa akija kupimwa kwa miezi, na akina mama wa benchi la kungojea huongea.

Kamanda alimtazama mtoto. Halafu akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha mtu wa kawaida. “Basi ile jambazi itaniletea kuku,” alisema. “Mumuambie: kuku munene.”

Neno lilifika Masereka kabla ya jioni. Kesho kutwa yake Zefirini alishuka, kuku mweupe kwapani. Ilimbidi apite bariera zote, na kila alipopita aliitikia jina lake. Mkunga alimngojea kwenye njia panda, amevaa kitenge cha Jumapili, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Mimi nilifuata nyuma. Njiani watu walitoka majumbani wakiwa na watoto migongoni, wakajiunga nasi, baba wa Zephilin, baba wa Nzefirini, yule wa ze mbili na koti lake la biashara, mama wa kwaya akianzisha nyimbo. Hakuna aliyewaita. Tulipofika kwenye lango la kamanda tulikuwa harusi nzima, na walinzi hawakujua wapige saluti au wapige risasi, wakafungua.

Fundi akatoa kuku kwa mikono miwili. Kamanda akampima uzito, kuku, kisha mtu.

“Lori yangu iko nalala chini tangu ulienda kutafuta boloti,” alisema.

“Nimeipata, Papa,” Zefirini akajibu. “Ilikuwa mbali kidogo.”

Walinzi ndio walioanza kucheka. Kamanda akampa mtoto amshike, na pale, mbele ya sisi sote, ndoyi mkubwa akambeba ndoyi mdogo, grisi ya zamani kwenye kucha zake karibu na shavu jipya. Hakuna tena aliyeweza kumgusa. Jioni ile lori lilinguruma, na halikumpakia mtu. Mji wote ulilisikia. Mkunga alirudi nyumbani kwa miguu akiimba vibaya kuliko wakati wowote, na nilimfuata nikiimba vibaya vilevile.

Vita havikuisha siku hiyo, wala sitasema hivyo. Kamanda aliondoka na wengine wakaja. Lakini walimkuta fundi akiwa na jamaa wengi mno asiweze kuchukuliwa kimyakimya. Mashuleni, miaka ilipopita, walimu walianza kuuliza, Zefirini yupi, na wakaongeza jina la baba.

Mara ya mwisho nilipomwona Mkunga, alikuwa kwa binti yake, huko Mutwanga chini ya Ruwenzori, kwenye baridi inayoshuka kutoka mlimani. Macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Zefirini ndiye aliyenipeleka kwa pikapu yake. Alikuwa amekuwa mtu wa makamo, mwenye mvi, mwenye shamba la kakao na maneno mengi. Alipopiga magoti mbele ya kiti, Mkunga alimpapasa uso, shingo, mabega, kisha tumbo, na mikono ikasimama hapo.

“Ni nani huyu amemeza ngoma?”

“Ni mimi, Mama. Zéphyrin.”

“Zéphyrin gani? Biko mingi.”

“Wa kwanza.”

“Ah,” akasema. “Wa kwanza.” Akaendelea kulishika lile tumbo, kwa furaha ambayo hakuificha.

Basi Zefirini akaketi, akaanza kulalamika. Kakao imeshuka bei. Shemeji yake ameazima pikapu akairudisha na radiateri imetoboka. Goti la kushoto linamuuma mvua ikikaribia. Mwanawe wa pili hataki kusoma, anataka muziki. Alilalamika kama wanavyolalamika wanaume walioshiba, bila kupumua, hadi nikaona haya kwa niaba yake, nikamgusa kiwiko anyamaze, mzee apumzike.

“Wee, muache!” Mkunga akanikemea. Akavuta kiti chake karibu, akageuza sikio zuri upande wa fundi. “Rudilia, mwanangu. Ulisema goti gani?”